Bati Chini ya Miguu

Amalemba, Kakamega
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kaka Joash,

Kelele ndani ya kebini ya lori lako ni desibeli tisini na nne. Aliyesema ni Mike, fundi wa mabodi hapa Amalemba. Alipima Alhamisi ulipomwachia gari arekebishe springi, akitumia simu yake, madirisha yamefungwa, akitoka Khayega kurudi mjini kwa mwendo wa kilomita sitini. Anasema mtu hafai kukaa ndani ya kelele hiyo zaidi ya saa moja kwa siku. Wewe unakaa saa nane, na umekaa tangu mwaka wa 1993.

Hilo ndilo jipya. Sasa salamu: mulembe. Mimi ni mzima. Awinja binti yangu amehamishiwa kufundisha shule ya karibu, anatembea kwa miguu hadi darasani. Harusi yake imepangwa Desemba. Cheruiyot mchumba wake alikuja kusalimu Jumapili akaleta mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, tukanywa. Awinja aliniuliza kama mjomba wake atasimama upande wetu siku ya harusi. Nimemwambia atasimama. Kuhusu siku ya mahari, Novemba iliyopita, wewe na mimi hatujazungumza, nami sianzi.

Nimekupigia simu mara nne tangu Januari. Kila mara anapokea mkeo Navalayo na kusema umetoka. Ndiyo maana naandika, ingawa kutoka hapa hadi Chekalini si safari ya kumshinda mtu.

Turudi kwa sakafu. Mike anasema bati la kebini limekuwa jembamba na linatetema kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Ameona mashimo mawili, moja chini ya klachi na moja pale gia inapopita, na sauti ya injini inapita hapo moja kwa moja. Kwanza mashimo yazibwe kwa kulehemu, kutu ikwanguliwe, bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Baada ya hapo tuchague. Kuna karatasi nzito za lami zenye mgongo wa alumini, zinabandikwa kwenye bati ili lisitetemeke. Kuna sponji isiyonywa maji. Kuna mpira mzito wa kuweka juu. Kuna pia watu wanaotumia godoro kuukuu. Mike anasema chochote kati ya hivyo kinasaidia, lakini vitatu vya kwanza vikipangwa pamoja ndipo mtu anasikia tofauti.

Gharama ni yangu. Chagua na uniandikie. Ni masikio yako ninayoyafikiria.

Dada yako,
Winrose

*

Chekalini
1 Machi 2025

Mama Awinja,

Mulembe sana. Sisi ni wazima. Goti la Navalayo limepoa. Kijana wetu Clifford amelima ekari tatu na anangoja mvua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume, hatukufurahi sana lakini tumempa jina.

Barua yako ilikaa siku kumi na saba kwenye sanduku la posta la kanisa. Sipiti kule siku hizi. Nimepumzishwa uzee wa kanisa tangu Januari, miezi sita, na kupumzika si kubaya. Karani ndiye aliyempa Navalayo barua.

Simu yangu spika imekufa. Usimwambie Clifford aninunulie nyingine, nimeshamkataza. Barua ni nzuri, mtu anaisoma mara mbili.

Sasa sakafu. Nashukuru, lakini nisikilize kwanza mimi dereva. Godoro nilishatumia mwaka wa 2011. Nililaza kipande chini ya mkeka, mvua ya Agosti ikaingia kwa shimo la klachi, godoro likanywa. Kutu ikala bati, na baada ya mwezi nikaona barabara chini ya kisigino changu. Kwa hivyo godoro hapana. Lami ikipata jua la Februari inanuka kama watu wa barabara wanapika kazini. Mpira mzito unainua kisigino, na kisigino kikiinuka klachi haifiki chini, gia inalia. Sponji sijui, sijawahi kuiona isiyonywa maji.

Tena kuna jambo la gari lenyewe. Diferensho ikianza kuumwa, nitajuaje? Dereva anafaa kujua gari lake linasema nini. Ukilifunika sana ni kama umelifunga mdomo.

Nimemuuliza Shikanga, mpakiaji wangu wa miaka kumi na moja, kwa sababu naye anakaa humo kebini. Alisema, "Mzee, mimi kelele inanisaidianga. Mke wangu akipiga simu namwambia niko njiani, anaamini."

Kama ni lazima, waweke upande wa abiria peke yake. Shikanga apate raha. Upande wangu uacheni na bati lake.

Msalimie Awinja. Mwambie mahindi ya kuchoma yatakuwepo Julai.

Kaka yako,
Joash

*

Amalemba
Jumamosi, 15 Machi 2025

Kaka Joash,

Osman, muuza mpira wa Mumias, anasema milimita nane zinatosha na hazitainua kisigino chako. Nilienda kwake Jumanne na vipimo vya Mike.

Mulembe kwako na kwa Navalayo. Hapa mvua imenyesha mara mbili, bustani yangu ya mboga imeamka. Awinja anasahihisha mitihani.

Nikueleze mpira ulivyopatikana, ili usiseme umeletewa takataka. Ni mkanda wa zamani wa kubebea miwa kiwandani. Osman ameukunja nyuma ya duka kama ulimi wa ng'ombe. Tuliposalimiana kwa salamu zao za Kiislamu, mkewe Zuena alinipa kigoda, na Osman akaupiga mpira kwa vifundo vya vidole.

"Sikia," akasema. "Hautoi sauti. Huu umebeba miwa miaka ishirini. Miguu ya kaka yako haitaushinda."

Zuena akauliza, "Mwenye gari yuko wapi? Mbona anatafutiwa viatu na dada yake?"

"Yuko kazini."

"Basi mwambie akishapewa asirudishe. Dereva mmoja wa Matungu aliturudishia wote. Alisema miguu imekuwa kama ya mtu aliyeikalia ikafa ganzi."

"Nikampokea," Osman akasema. "Lakini wa pili sitampokea."

Walicheka, nikacheka, nikabeba. Sponji nimeipata Kakamega. Niliizamisha kwenye ndoo kutoka asubuhi hadi saa kumi, nikaipima kabla na baada. Haikuongeza uzito. Karatasi za lami ni kumi na mbili na Mike anasema hazinuki baada ya wiki moja.

Upande mmoja peke yake hauwezekani. Mike anasema sauti ni kama maji, ukiziba nusu inaingia kwa nusu nyingine. Atakuja kwako Jumamosi tarehe 12 Aprili. Gari liwe nyumbani, viti vimetolewa.

Umeandika kwamba umepumzishwa kanisani. Na nani, na kwa sababu gani? Nimeandika habari za kaunti hii miaka ishirini na tisa, na hayo ndiyo maswali mawili ninayomuuliza kila mtu. Ukitaka kujibu, jibu. Usipojibu sitarudia.

Winrose

*

Chekalini
3 Mei 2025

Mama Awinja,

Mulembe. Tunaendelea. Mahindi yameota vizuri isipokuwa kule karibu na mto, ambako maji yalisimama. Ndume wa ng'ombe mwekundu ameanza kunisukuma kwa kichwa nikimfungua.

Mike alikuja tarehe uliyoandika, saa tatu kasoro. Ni fundi wa kweli. Alilehemu mashimo yote mawili, akakwangua, akapaka rangi nyekundu, tukangoja ikauke tukila obusuma na ingokho, ugali na kuku kama wageni wote. Alibandika lami akiisukuma kwa chupa ya soda ili hewa isibaki chini. Akaweka sponji, akakata mpira kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye maji ya sabuni. Hata pale kwenye gia alishona koti la mpira mdogo. Alipopima njia ya Lumakanda alipata desibeli themanini na mbili. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Navalayo alipanda mbele akasema sasa anaweza kuongea ndani ya gari bila kushika shingo.

Tarehe 24 Aprili nilitoa mpira na sponji. Lami imebaki kwa sababu haitoki. Mpira nimeuviringisha vizuri, uko stoo, panya hawafiki.

Ni joto. Miguu inachemka. Usikasirike, na usimlaumu Mike.

Shikanga anapumzika kidogo.

Swali lako la kanisa nimeliona. Wazee waliketi, wakaamua, nikakubali.

Asante kwa yote, na samahani kwa usumbufu.

Joash

*

Amalemba
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kaka Joash,

Shikanga amevunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Aliyenieleza ni Shikanga mwenyewe, juzi Alhamisi, kwenye benchi la nje ya chumba cha plasta hapa hospitalini Kakamega. Nilikuwa nimeenda kumwona jirani. Sikumtafuta.

Msalimie Navalayo. Sisi ni wazima. Nitaandika yale niliyoyasikia kwa mpangilio wake, na wewe uniambie penye kosa.

Nilimuuliza aliumia wapi. Akasema aliteleza. Nikamuuliza aliteleza kwenye nini.

"Mama, mimi siandikwi gazetini."

"Siandiki. Joash ni ndugu yangu."

Alingoja mpaka walipomwita mtu mwingine, halafu akasema. Jumatano tarehe 23 Aprili mlipeleka mbolea kwenye shamba moja Likuyani. Ulirudisha gari nyuma kuelekea stoo. Yeye alikuwa nyuma, kama siku zote, akikuongoza kwa kugonga bodi: pigo moja endelea, mawili simama. Aligonga mawili. Gari likaja. Akagonga tena mawili. Gari likaja. Aliruka kando, mkono ukabaki kati ya bodi na ukuta.

Nikamuuliza kwa nini hukusikia, ilhali kebini ilikuwa na utulivu kuliko wakati wowote tangu gari hilo linunuliwe.

Akasema, "Mzee hajasikianga mimi siku nyingi. Nilianza na kiganja, nikaenda kwa ngumi, sasa nagonga na chuma cha jeki. Nikigonga na chuma alikuwa anasimama. Mlipoweka mpira, hata chuma akakosa."

"Siku nyingi ni ngapi?"

"Miaka miwili. Lakini mimi sijasema, ni wewe umesema."

Kwa hivyo si joto. Uliniandikia joto, na kuhusu Shikanga ukaandika maneno matatu.

Nina swali moja. Unasikia?

Sikuulizi kwa ukali. Mpira huo niliununua mimi, kwa mikono yangu, na niliusukuma ukae chini ya miguu yako wakati ulikuwa umenikatalia. Nataka kujua nilifanya nini.

Winrose

*

Chekalini
Jumatatu, 2 Juni 2025

Dada Winrose,

Sisikii.

Sikio la kulia lilienda kwanza, lile la upande wa dirisha. Kwa la kushoto nasikia kama mtu anaongea nyumba ya pili. Simu haijaharibika. Ninaishika sikioni naona tu inatetema.

Gari nalisikia kwa miguu. Hilo ndilo sikukuambia Machi, nikakuandikia habari za klachi na harufu ya lami. Kila barua nilikuwa natafuta kosa jipya la mpira. Bati likitetema kwa namna fulani najua ni gia ya tatu, likitetema kwa namna nyingine najua ni ya nne. Chuma cha Shikanga kilikuwa kinanipanda kwenye visigino. Nilijizoeza, hakuna aliyenifundisha, na nilijiona mjanja. Mike alipomaliza kazi nikaendesha siku kumi na moja kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Niliona haya kusema kwa nini. Ningesemaje? Zawadi ya dada yangu imeniziba miguu?

Siku ya Likuyani niliona kitu kimoja tu, mwenye shamba akija mbele ya kioo na mikono juu. Niliposhuka Shikanga alikuwa amekaa chini anashika mkono. Alisema nisijali. Alisema hivyo huku meno yanagongana.

Kesho yake nilitoa mpira. Nikamwita Clifford asimame nyuma agonge mawili kwa chuma. Nilisikia yote mawili, kwa miguu. Nikafurahi. Halafu nikamwona Clifford kwenye kioo cha pembeni, amesimama pale pale alipokuwa amesimama Shikanga, nikazima injini. Gari halijatoka hapa uani tangu siku hiyo. Nilikuandikia Mei kama mtu anayeendesha bado.

Kila asubuhi naenda kupalilia shamba la Shikanga. Mahindi yake yamefika gotini. Mkewe ananiletea chai, hasemi kitu, au labda anasema.

Sasa siku ya mahari, kwa kuwa hutaki kuanza. Unajua kwetu msemaji wa nyumba anapewa imondo, firigisi ya kuku, na haili kabla hajawajibu wageni. Waliniwekea imondo kwenye sahani. Mzee wao alisimama akaongea, na sikujua kwamba amekuwa akiniuliza mimi. Niliona kimya. Nikadhani ameomba, nikasema amina, nikala. Nilipoinua kichwa watu wote walikuwa wananitazama, vijana wanacheka ndani ya mikono.

Navalayo aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba umewaambia akina mama nimekunywa. Sikukasirika. Nilishukuru. Mlevi anaweza kuacha pombe. Kiziwi anaacha lori.

Habari ilifika kanisani Januari. Wazee waliniuliza, wakaniandikia swali kwenye karatasi kwa sababu niliwaambia nina mafua masikioni. Nikasimama mbele ya watu nikatubu pombe. Miaka sitini na moja sijaionja, nikaitubu. Miezi sita inaisha Julai.

Hiyo ndiyo inaniuma kuliko masikio. Nilimdanganya Mungu mbele ya karani.

Joash

*

Amalemba
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka yangu Joash,

Hukunywa pombe siku ya mahari. Anayesema hivyo ni mimi, na nilikuwepo. Ulifika saa nne ukanywa chai vikombe viwili na maji ya moto. Nilikaa nawe hadi wageni walipoingia. Nilijua nilipokuwa nikisema kwamba nasema uongo.

Usinishukuru. Nikueleze ilivyokuwa. Chepkorir, mamake Cheruiyot, aliniinamia akauliza taratibu, "Huyu mzee ana nini?" Nilikuwa nimeona tangu Pasaka ya mwaka jana kwamba unatazama midomo. Ningeweza kusema hasikii vizuri. Niliogopa wataanza kuuliza kama ni ugonjwa wa ukoo, kama watoto wa Awinja watazaliwa hivyo. Nikapima aibu mbili, nikachagua ile ambayo ingekaa kwako peke yako. Nikasema amekunywa kidogo, wanaume unawajua. Akina mama watano walisikia. Kisha nikakununulia mpira, nikakuandikia ni masikio yako ninayoyafikiria, na wakati huo wote sikuwa na ujasiri wa kukuuliza kama yapo.

Nimepitisha miaka ishirini na tisa nikiwaambia vijana wa kazini kwamba kosa likichapishwa ukurasa wa kwanza halisahihishwi ndani nyuma ya michezo. Kwa hivyo Jumatano nilienda Likuyani kwa Chepkorir. Nilimwomba awaite wale wanne wengine. Wawili walikuja. Niliwaambia nikiwa nimesimama: kaka yangu hakunywa, hasikii, na mimi nilijua.

Chepkorir alimimina chai kwanza. Halafu akasema, "Na mbona hukusema? Baba Cheruiyot sikio la kushoto lilikufa akiwa kijana. Sisi tunakaa tu upande wa kulia." Mmoja wa wale wengine akaongeza, "Tena yeye akilewa ndipo anasikia zaidi." Walicheka wote. Mimi sikuweza. Chepkorir alinisindikiza hadi barabarani na hakunishika mkono, na sikumtarajia aushike.

Bado kuna kanisa. Nimeandika barua kwa karani, ukurasa mmoja, ikisema yale yale. Sijaipeleka. Siwezi kusema hukunywa bila watu kuelewa kwamba ulitubu kosa ambalo halikuwepo, na hiyo si habari yangu kuitoa. Niandikie ndiyo au hapana.

Mambo mengine mawili. Nimekuandikisha kwenye kliniki ya masikio hapa hospitalini, Jumatano tarehe 9 Julai, saa mbili asubuhi. Muuguzi amesema ufike mapema, wanaanza kwa kusafisha, halafu wanapima kila sikio peke yake. Hakuniahidi kitu nami sikuahidi. Tena Shikanga plasta inatoka siku hiyo hiyo, chumba cha pili kutoka hapo.

Na sakafu: mpira ukiuona unakuudhi, nitaurudisha kwa Osman hata kama alisema hampokei wa pili.

Winrose

*

Chekalini
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mama Awinja,

Mulembe. Tuko wazima. Mahindi ya karibu na mto tumeyapanda upya, yamechelewa lakini yapo.

Barua ya kanisa ipeleke. Andika sehemu yako peke yake. Sehemu ya kutubu nitaisema mwenyewe, Jumapili tarehe 13 Julai, na nimemwomba karani asimame upande wa kushoto kwangu ili nijue wakiniuliza. Watanipa miezi mingine, naona. Hiyo nitaitumikia kwa haki.

Mpira usiurudishe. Clifford ataendesha. Ana leseni tangu mwaka juzi na hajagusa lori kwa sababu yangu. Ana miaka thelathini na mbili, na jana nilimjaribu: Navalayo alimwita kutoka jikoni kwa sauti ya chini, yeye akiwa zizini, na akaitika. Mwambie Mike aje Jumamosi tarehe 12 aweke kila kitu tena, sponji, mpira, koti la gia, milimita nane chini ya klachi. Apime, na namba aniandikie. Shikanga akirudi atagonga kwa kiganja, kama zamani. Nimemnyang'anya chuma cha jeki, kiko stoo mahali mpira ulipokuwa.

Jambo moja Mike alizingatie. Upande wa abiria akate mpira na sponji mraba, upana wa miguu miwili, na kama lami inaweza kuchomolewa hapo aichomoe. Pabaki bati tupu. Najua sauti itaingia kwa hapo kama maji. Clifford anasema desibeli mbili tatu atanivumilia. Nitakuwa napanda naye mara moja moja hadi Moi's Bridge, na nataka kujua ameingiza gia gani.

Shikanga amesema tusafiri pamoja tarehe 9, Clifford akiendesha. Nilimwambia aketi dirishani, pale patakapokatwa mraba wangu, akasema hapana, yeye atakaa katikati, kelele inamsaidia.

Kwa hivyo: Jumatano tarehe 9 Julai, saa mbili asubuhi, kliniki ya masikio. Tutafika saa moja na nusu. Simama mlangoni, usiniite kwa nyuma. Njoo mbele nikuone.

Joash